Tulienda Kutazama Wakimbizi

Ninyi wa Nakivale, wa Kyangwali, wa Kyaka, ninyi wa Kakuma na Nyarugusu mnaotusoma kwa bando la kuazima, na ninyi ndugu wa mashirika ambao tunajua mnapitaga hapa kimya kimya bila kubonyeza kitu, leo tunaandika juu ya mchezo wa kuigiza. Kuna mtu atauliza: chakula kimepunguzwa, watu wanalala njaa, na ninyi mko kwa michezo? Ndiyo, tuko kwa michezo. Hakuna aliyevuka mpaka akiwa tumbo peke yake.

Hesabu kwanza, juu sanduku ni la wote na tulikubaliana kila shilingi inayotoka iandikwe. Tulikuwa watu 9. Ukumbi ulitupa tiketi 4 za bure, zile zilizoandikwa "jamii", na 5 tukanunua wenyewe kwa 15,000 kila moja, hiyo ni 75,000. Takisi kwenda na kurudi ikala 36,000. Jumla shilingi 111,000 za Uganda. Kwa chumba kimoja kule Katwe, hapo umekaribia kodi ya mwezi. Halafu dada yetu anayetembeza vitenge alifunga mzigo saa kumi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa ambayo watu wa ofisi ndiyo kwanza wanatoka na mshahara mfukoni. Hiyo hasara yake hatukuiandika kwenye daftari lakini aliisema njia nzima.

Ukumbi wenyewe hatutautaja jina. Uko nyuma ya baa, upande ule wa Kampala ambako wageni wengi wa mashirika wamepanga nyumba. Viti vya plastiki kama 60, pazia jeusi, taa nne zimefungwa kwenye bomba la chuma, na harufu ya nyama choma inaingia kutoka nje. Sisi tuliupenda. Michezo ya kumbi ndogo kama hizi Waingereza wanaiita ya pembeni, na jina lilitokana na mambo ya Edinburgh, kule Scotland: mwaka 1947 mji ule ulifanya tamasha kubwa la sanaa, na makundi 8 ambayo hayakualikwa yakaenda hivyo hivyo, yakatafuta pa kuchezea pembeni. Tuliposoma hiyo habari tulicheka sana. Watu wasioalikwa, wamefika, wanatafuta pa kukaa. Hao ni ndugu zetu kabisa.

Na Kampala si mji wa kuchezea kwenye mambo haya. Ukumbi wa Taifa ulifunguliwa mwaka 1959. Mwaka 1962, Uganda inapata uhuru, mwanafunzi wa Makerere aliyekuwa bado anaitwa James Ngugi alionyesha hapo mchezo wake wa The Black Hermit. Ndiye huyo huyo Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, aliyekuwa anauongoza ukumbi huo, aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kwa hiyo hapa kuna watu wameshalipa bei kubwa kwa ajili ya kusimama jukwaani. Tulienda na heshima. Dada wa vitenge alivaa kitenge cha kuuzia, kile cha bei.

Ila ukweli ni kwamba tulienda kwa ajili ya mwenzetu mmoja. Wadogo wanamwita Yaya. (Ninyi wa Tanzania msishangae: kwetu Kivu yaya ni mkubwa wako, hakuna habari ya kulea watoto hapo.) Yaya alikuwa mtu wa teatri tangu shule, Bukavu. Tuliokuwa huko tunamkumbuka akicheza chifu mlevi mpaka padri akatoka nje kwenda kucheka mbali na wanafunzi. Hapa Kampala ananyoa nywele Nsambya. Kundi la huu mchezo lilipotangaza linatafuta "wakimbizi halisi", alienda, akasubiri siku nzima, akapita. Wiki sita akawa anafunga saluni saa tisa ili awahi mazoezi. Tukimuuliza anacheza nani anajibu tu, "Mje." Sisi tukadhani anatuficha mshangao.

Aliandikwa kwenye karatasi ya programu: Mkimbizi wa Nne. Hana neno hata moja. Anaingia mara tatu. Mara ya kwanza amebeba dumu, mara ya pili ameanguka, mara ya tatu amesimama kwenye mstari na mikono imefunguliwa, viganja juu, kama mtu anayepokea mvua.

Mchezo ni wa familia inayokimbia vita kutoka Kongo. Baba anauawa mwanzoni kabisa, kabla hatujajua anapenda nini. Mama anatembea na watoto wawili, mmoja anakufa njiani, kuna mwanaume mwenye bunduki, kuna mvua ya spika, halafu mwisho anatokea mwanamke mwenye kizibao cheupe na taa inakuwa ya njano. Karibu masaa mawili bila mapumziko. Kingereza kwa kiasi kikubwa, na Kiswahili kidogo hapa na pale kama pilipili.

Tuseme mazuri, yapo. Mpiga ngoma alikuwa hatari. Kuna sehemu alipiga vidole tu kwenye ukingo wa ngoma, taratibu, na tukasikia miguu ya watu wengi usiku. Hapo wote 9 tulinyamaza kweli. Na yule aliyecheza mama anajua kazi, Mganda mmoja mwenye sauti ya chini, unaamini kila anachosema hata kama kilichoandikwa si cha kuaminika. Kwa hiyo msitusome vibaya. Hatukwenda pale na roho mbaya ya kutafuta makosa.

Lakini hebu sikieni Kiswahili chenyewe. Mtoto wa Bukavu, miaka kama 8, anaamka asubuhi jukwaani na kumwambia baba yake, "Shikamoo, baba." Baba anajibu, "Marahaba, mwanangu." Tukaangaliana. Kwetu Kivu mtoto anasema "Jambo, papa," basi, na kama amelelewa vizuri anaongeza "jambo sana." Wale wenzetu wawili waliokulia Nyarugusu ndio wana shikamoo, na hata wao waliipata kwenye shule za Tanzania, hawakuvuka ziwa nayo. Halafu huyo mama, nyumba inaungua, anasema, "Chukua godoro!" Kwa lafudhi ya redio. Hakuna mama wa Bukavu mwenye godoro. Tuna matela. Mtu anayekimbia risasi hana muda wa kutafuta neno sanifu.

Mtatuambia hiyo ni vitu vidogo. Ni vidogo, ndiyo. Lakini mchezo mzima si umetengenezwa kwa vitu vidogo? Mtu wa Uingereza akiwekwa jukwaani anazungumza kama padri wa zamani, Waingereza wataona neno la kwanza tu. Sisi pia tuliona neno la kwanza.

Na nguo. Wote walikuwa wamevaa vitambaa vilivyochanwa kwa mkasi. Ukikaa mstari wa tatu unaona kabisa mkasi ulivyopita. Jamani. Siku ya kukimbia mtu anavaa nguo nzuri kuliko zote alizonazo, na anavaa mbili au tatu juu ya nyingine, sababu kilicho mwilini hakichukui mkono. Mmoja wetu alivuka Bunagana, pale mpakani upande wa Kisoro, na viatu vya harusi ya shangazi yake. Mwingine alikuja na koti la suti la marehemu baba yake juu ya sare ya shule. Kuchanika kunakuja baadaye, kambini, taratibu, kwa jua na sabuni ya mche. Angalau wangetuuliza hilo swali moja, mlivaa nini, wangepata mchezo mwingine kabisa, na pengine wa kuchekesha.

Sasa tufike kwenye matela.

Nusu ya kwanza inakaribia mwisho, mama anarudi ndani kuchukua hiyo matela. Ni matela ya kweli, ya sponji, wameifunga kamba, na mlango wa jukwaani ni fremu ya mbao nyembamba. Anatoka nayo mgongoni, na matela inakwama. Anavuta. Fremu inatikisika. Anageuka upande, sasa amekwama yeye na matela wote wawili. Mpiga ngoma anaendelea, spika inaendelea na risasi zake, pa pa pa, na huyu mama wa watu yuko mlangoni anapigana na sponji.

Tulicheka. Si kicheko cha adabu. Dada wa vitenge alicheka mpaka akashika kiti cha mbele, na kutoka kwetu sauti ikatoka, "Kunja kwanza, mama! Kunja!" Sababu sisi tunaijua hiyo matela. Katika watu 9, watano tulitoka kwenye nyumba ambayo mtu fulani aligombana na matela mlangoni huku risasi zinalia. Kuna mmoja wetu, baba yake alisimama katikati ya hiyo vurugu akaanza kumgombeza mama yake juu ya ile matela, kwamba alimwambia toka mwaka jana wanunue ya 4 si ya 6, na wakagombana hivyo hivyo mpaka barabarani, na hadi leo miaka imepita wakikaa pamoja hiyo ndiyo hadithi ya kukimbia wanayoisimulia. Ile ya waliokufa hawaisimulii. Wanasimulia matela.

Na tunaapa, yule mwigizaji mwenyewe alianza kucheka. Tuliona bega lake. Sekunde tatu, labda nne, kulikuwa na mtu hai pale mlangoni, mama kamili, amechoka, ana hasira, anajicheka, na vita iko nyuma yake. Ndizo sekunde tulizolipia 111,000. Kisha akajizuia, akaivuta kwa nguvu, sura ikarudi kuwa ya huzuni, mchezo ukaendelea.

Watu wa mistari ya mbele waligeuka kututazama. Mnajua ule uso. Ni uso wa mtu ambaye amekuja kukuhurumia na wewe umemharibia.

Nusu ya pili tutaipita haraka kama tulivyotamani wao waipite. Kutembea, kuanguka, kulia, mvua. Taa zikazimika mara moja, umeme wa mtaa mzima ulikatika, tukakaa gizani dakika kumi hivi. Tukangoja labda mtu ataimba, atatoa hata kitendawili. Waigizaji walibaki wamelala pale pale walipoangukia, kimya, mpaka jenereta ya baa ikawaka. Mbele ya jukwaa alikuwa amelala Yaya. Mtu aliyeweza kumtoa padri nje kwa kicheko amelala chini gizani na dumu tupu, haruhusiwi kusema kitu.

Baada ya makofi tukaambiwa tubaki kwa mjadala. Mwendeshaji alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo tatizo, sababu mtu mpole ni vigumu kumkatiza. Alizungumza Kingereza, kijana mmoja akatafsiri. La kwanza kabisa, akasema anajua baadhi yetu walicheka, na wasijisikie vibaya, kwa sababu kicheko nacho ni njia ya mwili kukabiliana na kiwewe.

Ndugu wa mashirika, hapa tunaomba mtusikie vizuri. Hatukuwa tunakabiliana na kitu. Matela ilikwama.

Akauliza kama kuna mtu angependa kusema mchezo umemkumbusha nini. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi, mtu makini sana, akanyoosha mkono. Akasema kwa utaratibu kwamba nusu ya pili ni ndefu, kwamba spika ilifunika sauti za waigizaji, na kwamba baba auawe baadaye ili watazamaji wampende kwanza. Maneno ya maana, ya mtu aliyetazama. Mwendeshaji akaweka mkono kifuani, akasema, "Asante sana kwa kutushirikisha hadithi yako."

Tukadhani mtafsiri amekosea. Hakukosea. Mwingine akajaribu, akaeleza ile ya shikamoo. Akaulizwa kwa upole alitoka Kongo mwaka gani, na alikuja na nani. Wa tatu akauliza kwa nini Mkimbizi wa Nne hasemi. Mwongozaji mwenyewe akajibu hapo: walitaka ukimya wake uwakilishe mamilioni wasio na sauti. Yaya alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, amefunga kamba za viatu, na sauti anayo, tunaijua, ikipanda inafika barabarani.

Kwenye takisi hatukusema sana. Ila dada wa vitenge akatoa neno lililobaki na sisi: "Mama yangu akiuza sombe mbaya, mteja anamwambia ni mbaya. Hamuulizi alikimbia lini." Ndiyo hiyo. Katika chumba kile kulikuwa na watu wa aina mbili. Mmoja akisema mchezo ni mrefu, ametoa maoni. Sisi tukisema mchezo ni mrefu, tumetoa ushahidi. Tumeshatoa ushahidi sana, kwenye ofisi ya kuandikisha wakimbizi, kwa wanasheria, kwa watafiti wenye vinasa sauti, na tutaendelea kutoa panapohitajika, maana bila hiyo hakuna karatasi. Lakini usiku ule tulikuwa tumenunua tiketi.

Michezo mibaya tumeiona mingi, msidhani. Ile ya Krismasi ya makanisa yetu, ambapo Herode anasahau maneno na Yosefu anamnong'oneza, ni mibaya zaidi ya huu mara kumi. Lakini ukitoka pale unamwambia Herode, bwana leo umetuangusha, naye anakujibu subiri mwaka kesho. Hapo mmeheshimiana.

Wiki iliyofuata tulisoma, kama kawaida yetu tukikasirika. Tuliyoyapata tunawapa na ninyi. Mwaka 1977, kijiji cha Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, Kenya, Ngũgĩ huyo huyo na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, juu ya wakulima na vibarua wa pale pale. Mazoezi yalifanyika wazi, na wanakijiji wakawa wanasahihisha: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivi, kibarua hashiki jembe hivyo. Wasomi wakakubali kusahihishwa. Wanakijiji wakajenga na ukumbi wenyewe, wa wazi, wa watu wapatao 2,000. Serikali ikaufunga mchezo baada ya wiki chache, Ngũgĩ akakamatwa mwisho wa mwaka ule ule, na mwaka 1982 ule ukumbi ukabomolewa. Sisi tunaona serikali ile ilijua inaogopa nini. Mkulima anayeweza kumwambia mwandishi "hapana, rudia" anaweza kumwambia mtu mwingine pia.

Wa pili ni Augusto Boal, wa Brazil. Ninyi wa mashirika jina hili mnalijua, maana michezo mingi ya uhamasishaji mnayotuletea kambini, ile ambapo mtazamaji anapiga makofi kusimamisha na kuingia kubadilisha, inatoka kwake. Labda hamkujua kwamba yeye pia alikimbia: utawala wa kijeshi ulimkamata na kumtesa mwaka 1971, akaenda uhamishoni Argentina. Alisimulia jinsi mtindo ule ulivyozaliwa, Peru, mwaka 1973. Wakati ule watazamaji walikuwa wanatoa mawazo na waigizaji wanayacheza. Mama mmoja akatoa lake, juu ya mume mwongo. Waigizaji wakacheza. Akasema sivyo. Wakarudia. Sivyo. Wakarudia tena, mama akakasirika. Boal akamwambia basi panda uonyeshe. Akapanda, akachukua ufagio, na yule mwigizaji maskini akaelewa wazo lilikuwa nini.

Tunampenda sana huyo mama. Kitu alichokuwa nacho hakikuwa hadithi, hadithi walikuwa wameshaipata. Alikuwa na neno "sivyo."

Sasa barua. Siku kumi baada ya mchezo kundi lile likatuandikia. Wanataka kuuboresha, wanatualika kwenye warsha ya siku mbili ya kukusanya hadithi, kila mtu 20,000 ya usafiri na chakula cha mchana. Tulikaa jioni nzima na hatukukubaliana haraka. Kuna waliosema twende, 20,000 mara mbili ni 40,000, na anayesema hapana awe amelipa kodi yake kwanza. Hiyo ni hoja, msiicheke. Wengine wakasema wale watu si wabaya, wana ukumbi, wana taa, sisi tuna nini? Dada wa vitenge akauliza kama hizo hadithi watazinunua kwa mita au kwa kipande. Yaya hakusema kitu mpaka mwisho. Halafu akasema yeye hadithi yake hatampa mtu, lakini kama wanatafuta mwigizaji, yupo.

Kwa hiyo tuliwajibu hivi. Kwamba warsha ya hadithi hatuji. Kwamba tutakuja kwenye mazoezi, watu watatu kwa zamu, kwa 20,000 hiyo hiyo, na kazi yetu iwe kusema "sivyo" na mazoezi yasimame kweli hadi tuelewane. Kwamba Mkimbizi wa Nne apewe jina na maneno, au kama hana maneno basi na yule wa kizibao cheupe naye asiwe nayo, tuone kama mchezo utasimama. Na matela ikwame. Hilo tuliliandika peke yake kwenye mstari: tunaomba matela iendelee kukwama mlangoni, kila usiku, kwa makusudi.

Wamejibu kwamba wanayathamini mawazo yetu na watayajadili na wafadhili. Leo ni wiki ya tatu. Kijana mtafsiri, yule wa mjadala, alituandikia kando kwamba mwigizaji wa mama ameomba namba ya Yaya. Tulimpa.

Wakati huo huo Yaya ameanza na sisi. Ni kipande cha dakika 20, kwa Kiswahili chetu, chenye "matela" na "aksanti" na matusi mawili ambayo bado tunabishania. Baba na mama wako mlangoni wanagombana juu ya 4 na 6. Mwana wao amevaa suti juu ya sare. Tatizo letu kubwa kwa sasa ni mlango. Fundi anataka 45,000 kwa fremu ambayo haitaanguka, na sanduku mnajua limetoka wapi. Tumeanza na kamba mbili zilizoning'inizwa, lakini matela haikwami kwenye kamba, inapita tu, na mama anabaki hana cha kupigana nacho. Kama kuna mtu ana fremu ya zamani, hata ya choo, atuandikie.

Mazoezi ni Jumamosi, ua wa nyuma ya saluni Nsambya, saa nane kamili. Tunaanza mapema sababu matela ni ya kuazima, na mwenyewe anaitaka kabla ya saa kumi na mbili, ndiyo anayolalia. Wazungumzaji wote wanakaribishwa, wa mashirika pia. Hatutoi soda. Ukiona kitu sivyo, sema.